Sura Twazinasa, Sauti Twaziacha Zipotee

Siku hizi ni nadra arusi au maulidi kwisha bila ya kupigwa video. Vijana huinua simu zao, na picha zatoka nzuri kweli. Lakini tukikaa kutazama, maneno hayasikiki. Mimi naona kosa hili ni kubwa kuliko picha mbovu, na nalisema kwa kuwa nami nililitenda.

Nyanyangu alikuwa akisoma tenzi kwa mahadhi aliyoyapokea kwa mamake. Jioni moja nilimkalisha barazani, nikasimama mbali ili nimpate yeye na bahari pamoja. Akausoma Utendi wa Mwana Kupona mwanzo hadi mwisho. Nilipofungua kusikiza, niliusikia upepo wa kusi na pikipiki za njiani. Yeye alikuwa kama mtu anenaye nyuma ya mlango. Nikasema tutarudia Idi ikipita. Idi hakuifikia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi.

Wako watakaosema kwamba utendi huo umechapishwa zamani. Ni kweli. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mnamo 1858, na maneno yake tunayo. Bali mahadhi ya nyanyangu hayamo kitabuni. Hayo hukaa kooni mwa mtu, na mtu huondoka nayo.

Basi wewe kijana unayeanza, anza na sauti. Simu iliyo hatua nne mbali hunasa kila kitu ila msemaji. Azima simu ya pili, iwashe inase sauti, uiweke shubiri moja au mbili kutoka kinywani mwake. Ile yako ipige picha. Zote mbili zikisha kuwaka, piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakalokuonyesha baadaye pa kuoanisha sauti na picha. Ingieni ndani mkimbie upepo, uzime feni na friji. Nyumba zetu za mawe zina mwangwi. Tandika zulia, tundika leso ukutani. Kisha nasa dakika moja tu, uisikize kwa visikizi vya masikioni kabla hujaendelea.

Picha haina mambo mengi. Pangusa kioo cha kamera, ilaze simu, iegemeze mahali imara. Msemaji aelekee dirisha, asilipe mgongo, ama uso wake utakuwa giza.

Na kabla ya yote, omba idhini. Wako mama zetu wasiopenda sura zao zionekane, na hiyo ni haki yao. Usiwalazimishe, nasa sauti peke yake, hujapoteza kitu. Ukimaliza, weka nakala mbili mahali mbalimbali.

Wazee wangaliko majumbani mwetu, na simu tunazo mifukoni. Nendeni leo. Msingoje Idi kama nilivyongoja mimi.