Wifi si intaneti: wakaaji wa Salamabila, tuache kulipia hewa

Wakaaji wengi hapa Salamabila wakiona alama ya wifi imejaa kwenye simu, wanadhani intaneti ipo. Hapana. Wenye kuuzisha wifi wanajua tofauti hiyo, na wengine wanatukula makuta kwa sababu sisi hatuijui.

Ruta ni redio ndogo tu. Haitengenezi intaneti. Inaipokea kutoka antene ya satelaiti au kadi ya SIM, kisha inaigawa kwa simu zilizo karibu. Ile alama inaonyesha tu kama simu inaisikia ruta vizuri. Antene ya nje ikizimwa, alama inaweza kubaki imejaa, na ujumbe hautoki.

Tena, kinachogawanywa kina mwisho. Tuseme laini inaleta megabiti 20 kwa sekunde. Simu 40 zikivuta video kwa wakati mmoja, kila moja inabaki na nusu megabiti. Lakini muuzaji anaongeza wateja kila siku, na wa 40 analipa sawa na wa kwanza. Muuza mchele anapima mbele yetu. Huyu wa wifi kwa nini asipime?

Nyumbani pia tunajiharibia. Ruta inafichwa chini ya meza, nyuma ya mabati, au kando ya pipa la maji. Bati linarudisha mawimbi, maji yanayameza. Iweke juu, katikati ya nyumba. Kama ina bendi mbili, ile ya gigahezi 2.4 inafika mbali zaidi na inapita ukuta vizuri. Ile ya 5 ina mbio, lakini ukuta unaichosha haraka.

Watatuambia mafuta na batri ni bei kali. Ni kweli, hatukatai. Lakini bei ya mafuta haimpi mtu ruhusa ya kuuzisha kisichokuwepo. Wala asijifiche nyuma ya serikali: ARPTC iliyoikatalia Starlink mwaka 2024 ndiyo iliyoipa leseni mwezi wa tano 2025. Antene si kitu cha siri tena, na mwenye kuuzisha huduma aulizwe maswali.

Jambo hili si la video tu. Usalama ukiharibika kwenye barabara ya Kasongo, ujumbe mmoja unaweza kumzuia mtu asiende njia mbaya.

Basi, kabla ya kulipa, simama karibu na ruta na ujaribu kufungua kitu. Kama hata pale inavuta polepole, shida ni laini au wingi wa watu. Kama pale inakimbia na chumbani inakwama, shida ni ukuta na umbali. Na kila muuzaji aandike mlangoni: megabiti ngapi, simu ngapi, saa ngapi. Asiyetaka kuandika, tusimlipe.