Floraidi ni ya kupaka menoni, si ya kunywa kisimani

Watu husema ukitaka kumtambua mtu aliyekulia kando ya Mlima Meru, mwangalie meno. Madoa yale ya kahawia yamepewa hata jina, "meno ya Arusha", na wapo vijana wetu ambao kila wakicheka huziba mdomo kwa kiganja. Sasa wazazi wameelimishwa kwamba kilicholeta madoa hayo ni madini ya floraidi yaliyomo katika maji. Wakienda dukani wanaliona neno hilo hilo kwenye boksi la dawa ya meno, na wengi wanaamua kwamba dawa hiyo haitaingia nyumbani mwao. Mama mmoja alinieleza kuwa watoto wake wanne wanasugua meno kwa chumvi tu, tena kwa amri yake. Wawili kati yao tayari wana magego yaliyotoboka.

Hofu ya mama huyo ina msingi, lakini uamuzi wake si sahihi, na kwa maoni yangu sisi tunaoandika habari za afya tumechangia kumchanganya. Tumesema floraidi ni mbaya, na siku nyingine tumesema floraidi ni nzuri, bila kueleza inapita wapi. Hapo ndipo penye tofauti yote.

Jino huoza hivi. Vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Asidi hiyo hunyonya madini kutoka katika ganda gumu la nje la jino. Mate nayo huyarudisha madini hayo polepole, iwapo kinywa kitapewa nafasi ya kupumzika. Mtoto anayekunywa chai yenye sukari asubuhi, akalamba pipi saa nne, soda mchana na biskuti jioni, hayapi mate nafasi hiyo, na tundu linaanza. Floraidi ikiwa juu ya jino husaidia madini kurudi, na ganda linalojengwa upya huwa gumu zaidi mbele ya asidi. Kazi hiyo hufanyika juu ya jino, kwa kugusana nalo. Haihitaji kumezwa.

Madoa huja kwa njia nyingine kabisa. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya taya tangu mtoto akiwa mchanga hadi afikapo miaka minane hivi. Floraidi nyingi anayomeza katika miaka hiyo huenda na damu hadi kwenye jino linalojengwa na kuharibu ujenzi wake. Jino likisha kuota, madoa ya namna hiyo hayawezi kuanza tena. Kwa hiyo mtu mzima anayeogopa kwamba dawa ya meno itamtia madoa anaogopa bure.

Elimu hii ilianzia kwenye madoa. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, na baadaye ikaonekana kuwa meno hayo hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1931 ndipo ilipogunduliwa kwamba sababu ni floraidi katika maji, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ukaanza kutia floraidi kidogo, kama miligramu 1 kwa lita, katika maji ya bomba ili kulinda meno ya watoto. Lakini asije mtu akasema basi sisi wenye nyingi tumelindwa zaidi. Ikizidi mno, ganda la jino huwa laini, humeguka, na jino lililomeguka huoza kama mengine.

Kuhusu dawa ya meno, basi, msiitupe. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na hilo si jambo dogo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Mzazi mwenyewe ndiye apake, kwa sababu mtoto akipewa tyubu huijaza mswaki mzima na kuilamba, hasa zile zenye ladha ya matunda. Asugue asubuhi na kabla ya kulala, ateme, wala asisukutue kwa maji mengi, maana akisukutua sana anaiondoa ile floraidi tuliyoitaka ibaki. Anayetumia mswaki wa mti aendelee nao, ila atie dawa.

Siku hizi tunaulizwa pia juu ya leza, kwani ndugu walioko ng'ambo wanasimulia kwamba meno yanatibiwa kwa mwanga. Wanachosimulia ni kweli. Leza ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1960, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 watafiti wa California walionyesha kwamba ganda la jino lililopigwa mwanga huo hupungua kuliwa na asidi. Majaribio ya maabara yaliyofuata yalionyesha kuwa leza pamoja na floraidi huweza kulinda kuliko kimoja peke yake. Lakini jino la maabara haliishi kinywani mwa mtoto, na majaribio kwa watu bado ni machache kuliko yale ya floraidi ya kupaka. Mashine zenyewe ni ghali na zinahitaji mtaalamu aliyezisomea. Mzazi mwenye fedha ya akiba kwa ajili ya meno ya mwanawe aanze kwa kumwuliza daktari wa meno juu ya vanishi ya floraidi, ambayo hupakwa kwa brashi kwa dakika chache, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na haihitaji hata umeme. Leza itungoje.

Sasa turudi kwenye maji, maana huko ndiko kwenye madhara makubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Hapa Tanzania, kwa sababu maji yenyewe ni ya shida, kwa miaka mingi kiwango cha muda kiliruhusu hadi miligramu 8. Katika baadhi ya vijito vya Meru, kama Ngare Nanyuki, zimepimwa zaidi ya 10. Kwa maji ya namna hiyo tatizo haliishii kwenye meno: wapo watoto ambao miguu imepinda na watu wazima ambao mgongo umekakamaa.

Floraidi haina rangi wala harufu. Kuchemsha maji huua vijidudu, na tuendelee kuchemsha, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki pale pale. Klorini pia haiiondoi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa vizuri katika tanuri na kusagwa, huinasa. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeufanyia utafiti, na wenzetu wa Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, wamekuwa wakitengeneza vichujio vyake tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe, na familia nyingi husahau. Asiye na kichujio anayo mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na pipa moja likiwekwa kando kwa ajili ya maji ya kunywa na uji wa watoto wadogo tu, litadumu kuliko mnavyodhani.

Na akina mama, magadi! Magadi ya kulainishia maharage na makande yana floraidi nyingi, na wataalamu wamekuta watoto wenye madoa hata katika vijiji vya Kilimanjaro ambavyo maji yake ni mazuri. Loweka maharage usiku kucha, yataiva. Chakula cha mtoto anayeanza kula kisitiwe magadi hata kidogo, hata bibi akisisitiza.

Kuni na muda wa kupika ni mzigo wa mama, lakini kisima ni cha wote. Kamati ya maji ya kijiji ikichimba kipya, wazazi waulize kipimo cha floraidi kabla pampu haijafungwa, na wakijibiwa kwamba maji yamepimwa na ni salama, waombe waonyeshwe namba.