Shukrani Isiyofungua Mlango

Ndugu zangu mlioko ughaibuni na nyumbani, kila ifikapo Jumatatu ya pili ya Oktoba, Kanada huadhimisha Sikukuu ya Shukrani. Tarehe hiyo iliwekwa kwa tangazo la Januari 31, 1957, lililosema ni siku ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa mavuno aliyoibariki nayo nchi hii. Sisi wabeba boksi wa Toronto, ambao hatujawahi kulima hata tuta moja hapa, tumeipokea kama yetu. Kazini mapumziko, watoto hawaendi shule, baridi inaanza kubisha hodi. Basi tunakula.

Na tunakula vizuri! Nyumbani kwangu bata mzinga hutoka bucha la halali, ili Waislamu na Wakristo wale pamoja bila mtu kuuliza maswali. Akiwa na kilo 6 anahitaji kama siku mbili na nusu kwenye friji mpaka barafu iishe. Kisha napaka tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na bizari, maana bata mzinga mtupu, tuseme ukweli, hana ladha. Pembeni kuna pilau, kachumbari na sambusa. Boga ambalo wenyeji hulitengenezea pai, sisi tunalipika kwa tui la nazi.

Baada ya kula ni siasa. Tunaanza na Katiba mpya, tunapitia umeme, tunamalizia na ufisadi. Ikifika mada ya viongozi wabinafsi wasiojali wanyonge, sebule nzima inakuwa chama kimoja.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuulizane. Mtu akitaja waomba hifadhi waliofika juzi, sebule ile ile inageuka. "Wamezidi." "Waongo hao, wamejilipua tu." "Sisi tulihangaika wenyewe, na wao wahangaike." Yanasemwa haya huku mfupa wa bata mzinga uko mkononi! Hivi tunamshukuru Mungu kwa kutupokea, au kwa kuufunga mlango mara tu tulipoingia?

Tukumbushane ya Julai 2023. Katikati ya jiji hili, Mtaa wa Peter, waomba hifadhi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakiwemo Wakenya na Waganda, walilala kando ya barabara nje ya ofisi ya jiji inayowapangia malazi wasio na makazi. Jiji lilisema malazi yamejaa na kwamba gharama za waomba hifadhi ni jukumu la serikali ya shirikisho. Shirikisho nalo likasema makazi ni jukumu la mikoa na miji. Wakati wakubwa wanatupiana mpira, mvua ilikuwa inawanyeshea watu. Julai 18 shirikisho lilitangaza dola milioni 97 kwa ajili ya Toronto. Lakini waliowaondoa pale barabarani walikuwa watu wa kujitolea na makanisa ya Weusi, kama vile Revivaltime Tabernacle la North York, lililowafungulia milango watu wakalala ndani ya kanisa. Hawakusubiri kikao.

Wapo watakaosema baadhi ya waombaji wanadanganya. Inawezekana, na ndiyo maana kuna bodi ya kusikiliza kesi zao, moja baada ya nyingine. Hiyo ni kazi ya bodi. Sahani ya wali haihitaji ushahidi. Tena tusijisahaulishe: Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walipokewa hapa kwa maelfu. Wasomali waliokimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991 walijaza maghorofa ya Dixon Road. Na Wabongo wangapi leo wana makaratasi safi, nyumba na gari, lakini hawapendi kuulizwa waliyapataje makaratasi hayo? Sitaji mtu.

Wengine watasema kodi za nyumba Toronto haziguswi na hatuna nafasi. Ni kweli, na sisemi kila mtu alaze familia nzima sebuleni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu jembe analitaka sana, ila sheria haimruhusu kulishika mpaka apate kibali cha kazi. Katika kipindi hicho cha kungoja ndipo anapotuhitaji sisi tunaojua njia: wa kumsindikiza kwa mwanasheria wa msaada, wa kumsaidia kujaza fomu, wa kumpa koti kabla theluji haijaanguka, wa kumwonya asichukuliwe fedha na matapeli wanaozungumza lugha yake.

Ardhi hii ina mapatano ya kale baina ya Waanishinaabe na Wahaudenosaunee, yanayoitwa Sahani Moja na Kijiko Kimoja. Maana yake ni kwamba nchi ni sahani ya wote: chukua kinachokutosha, mbakizie mwenzako, iache safi. Na kinachoingia sahanini ni kijiko, siyo kisu, asije mtu akamwaga damu. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja hatuhitaji mkalimani hapo. Aliyewahi kula sinia na wenzake anajua aibu ya kuvutia nyama zote upande wake.

Kwa hiyo rai yangu ni ndogo. Oktoba ijayo, kabla hujaagiza bata mzinga, tafuta mtu mmoja aliyefika mwaka huu, umpe kiti mezani, na akiondoka awe na namba yako ya simu. Kisha tuendelee kuwasema viongozi wetu kwa ubinafsi, maana wanastahili kusemwa. Ila anayesema hivyo aanze na meza yake mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Naomba kuwasilisha.