Bunduki Mbili za Zamani na Shamba Dogo

Liko swali ambalo watu hulizungumza sana baada ya mkutano wa baraza kwisha: mtu akitaka bunduki ya kuwinda na kulinda nyumba yake, achague ipi kati ya hizi mbili za zamani, Lee-Enfield ya Waingereza au Mauser ya Wajerumani?

Zote mbili zilitengenezwa kwa vita. Mauser ya mwaka 1898 ni imara sana, na hubeba risasi 5. Lee-Enfield ya mwaka 1907 hubeba risasi 10, na komeo lake huvutwa upesi zaidi. Katika vita vya 1914 hadi 1918, askari wengi wa Wajerumani huku Afrika Mashariki walianza wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, ambayo moshi wake uliwafichua mahali walipojificha. Kwa upesi wake, mimi ningeisifu Lee-Enfield. Lakini kusifu si kununua.

Kwanza, kuwinda. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Basi sababu ya kwanza imekwisha.

Pili, kulinda nyumba. Risasi ya bunduki hizi huweza kwenda zaidi ya kilometa 2. Shamba lako lina ekari ngapi? Ukimkosa mwizi gizani, risasi itavuka mpaka, na ukuta wa udongo wa jirani hautaizuia. Tena, anayebisha hodi usiku huenda ni mtoto wa jirani ambaye mama yake ameshikwa na uchungu. Risasi ikishatoka hairudishwi kwa kuomba radhi.

Wengine watasema kituo cha polisi kiko mbali. Ni kweli, na si neno la kudharau. Lakini jirani yuko karibu kuliko polisi. Mbwa wawili, mlango wa mbao nzito, taa nje ya boma, na filimbi ambayo kila mji umekubali kuiitikia: hivyo humfukuza mwizi. Bunduki humwita, kwa kuwa yenyewe ni mali anayoitafuta.

Kuhusu tembo, wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo, wamezungusha mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo huogopa nyuki, na mkulima hupata asali. Mnyama akileta hasara, piga ripoti kwa Shirika la Wanyamapori upesi, kabla alama hazijafutika. Sheria ya mwaka 2013 iliweka utaratibu wa fidia.

Na kama marehemu mzee aliacha bunduki darini, usiifiche. Kuwa nayo bila cheti ni kosa kubwa. Mwarifu chifu au polisi waichukue.

Fedha za bunduki zitanunua waya, mizinga na mlango mzuri. Umoja wa majirani hauuzwi dukani, nao ndio ulinzi ulio bora.