Kabla Hatujanunua Mashine ya Altrasaundi, Tumuulize Mkunga



Chama chetu cha watu wa wilaya moja, tunaoishi hapa Uingereza, kimechanga pauni 6,000. Kamati inataka kununua mashine ya altrasaundi iliyokwishatumika, iingie kwenye kontena pamoja na vitanda na magodoro, iende hospitali ya wilaya nyumbani Tanzania. Kura ni mwezi ujao. Mimi nitapiga ya hapana, na naileta hoja hii hadharani kwa sababu najua vyama vingi vina mpango kama huu. Ni muuguzi mwenye shahada, nafanya kazi kwenye kitengo cha mimba changa, ambako altrasaundi ndiyo macho yetu. Kwa hiyo sisemi haya kwa kuidharau mashine.

Wengi wanaichukulia kama kamera. Kumbe ile ni mashine ya kupima. Sikio la mtu linaishia mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kwa tumbo la mjamzito tunatumia kati ya milioni 2 na milioni 5. Sauti hiyo inapita mwilini kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde, ikikuta mpaka kati ya kitu na kitu inarudi kama mwangwi. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, mashine inajua kilichogongwa kiko sentimita 7.7 ndani. Ile picha ya kijivu mnayobandika kwenye friji ni hesabu nyingi za namna hiyo zimepangwa pamoja. Halafu mpimaji anaweka alama mbili kwenye kioo, utosini na matakoni mwa mtoto, na mashine inatoa urefu na wiki. Akiziweka mahali pasipo, jibu ni uongo, na mashine haimwambii.

Hapo ndipo ugomvi wangu na kamati ulipo. Mtoto akipimwa katika miezi 3 ya mwanzo, umri wa mimba unapatikana kwa tofauti ya siku 5 hadi 7. Akipimwa mwishoni, tofauti inafika siku 21 hadi 30. Mnaweza kuona ni mambo ya vitabuni. Lakini mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh: sindano ya deksamethasoni kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati ilipunguza vifo vya watoto wachanga. Dawa ile ni ya bei ndogo. Ila wale kina mama walikuwa hospitalini, na umri wa mimba zao ulikuwa umethibitishwa kwa altrasaundi. Usipojua ni wiki ya 30 au ya 36, unampa nani sindano?

Sasa tuangalie hali ilivyo. Mdogo wangu alipokuwa mjamzito mwaka 2022 alilipia kipimo kwenye zahanati ya binafsi mjini. Akanitumia cheti kwa simu. Kimeandikwa mtoto ni mzima, anacheza, wa kiume. Basi! Hakuna urefu, hakuna kipimo cha kichwa, hakuna neno juu ya kondo la nyuma limekaa wapi, na wiki zilizoandikwa ni zile alizozitaja yeye mwenyewe. Nikamsihi arudie kwingine. Kule wakakuta kondo limeziba mlango wa kizazi, akapangiwa upasuaji hospitali ya mkoa. Zahanati ile ya kwanza ilikuwa na mashine mpya kuliko hii tunayotaka kununua sisi.

Kaka yetu mmoja kwenye kamati alinijibu kwamba wanachama wanataka kitu kinachoonekana. Namuelewa. Mbunge atakuja, utepe utakatwa, picha zitapigwa. Lakini mwaka 2011 ulitolewa uchambuzi wa orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ukakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Kwa altrasaundi sababu nyingi nazijua kwa macho yangu. Kile kichwa kinachopitishwa tumboni kina vipande vya fuwele ndani. Kikidondoka sakafuni mara moja, picha inatoka na michirizi myeusi, na kipya ni pesa nyingi. Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Jamaa zetu wa Marekani wanapeleka mashine za volti 120 kwenye nchi ya volti 230. Fundi wa vifaa tiba ni mmoja kwa hospitali kadhaa, na hana hata kitabu cha mashine yenyewe.

Tunasahau kwamba altrasaundi ya wajawazito ilizaliwa na fundi ndani yake. Profesa Ian Donald wa Glasgow mwaka 1955 alianzia kwenye mtambo wa kiwandani wa kutafuta nyufa kwenye vyuma. Makala yake maarufu ya mwaka 1958 aliiandika na daktari mwenzake, John MacVicar, pamoja na mhandisi Tom Brown. Sisi kwenye kontena letu tumempa nafasi godoro, mhandisi hatukumkumbuka.

Kuna atakayesema, basi tupeleke mashine na mafunzo, mambo yaishe. Hata hilo lina mipaka. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala, ukachapishwa mwaka 2018, ulifanya hivyo hasa, mashine na mafunzo kwa wahudumu wa vituo. Vifo vya kina mama na vya watoto havikupungua, wala waliojifungulia hospitali hawakuongezeka. Kuona kondo limekaa vibaya hakumsaidii mama kama hakuna gari, damu wala mtu wa kumpasua.

Pendekezo langu ni hili. Kwanza mtu apige simu kwa mkunga mkuu wa hospitali, si kwa mbunge, aulize kama mashine waliyonayo (ipo moja, nimeiona) imekwama wapi. Niliambiwa kichwa chake kimoja ni kibovu. Pesa inunue hicho, na kifaa cha kulinda umeme, na kilichobaki kiwasomeshe wakunga wawili kupima mimba kabla ya wiki ya 24, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri tangu 2016. Nanyi mlioko nyumbani, kwenye kikao cha bajeti ya halmashauri ulizeni fungu la matengenezo ya vifaa tiba ni shilingi ngapi. Swali hilo sisi wa huku hatuwezi kulisimamia.

Kamati ikinionyesha barua ya hospitali inayosema wanahitaji mashine nyingine, kura yangu nitaibadilisha siku hiyo hiyo. Mpaka leo barua hiyo haipo.

Naomba kuwasilisha.