Amana ya Mpangaji ni Mali ya Nani?

Juma lililopita alifika ofisini mama mmoja wa kigango cha jirani, ameshika simu ya mjukuu wake, akitaka nimsomee maneno aliyoandikiwa na binti yake aliye England. Binti huyo anasomea uuguzi. Mwaka juzi alipopanga chumba alitakiwa kodi ya kwanza pamoja na amana. Kodi ilikuwa paundi 150 kwa juma, na amana paundi 750. Fedha hiyo ilitoka hapa hapa kijijini: ng'ombe watatu waliuzwa, na shangazi akaongeza kidogo. Sasa binti anahama, naye mwenye nyumba amemwambia kwamba zulia limechakaa na kuta zinataka rangi, kwa hiyo hatarudisha kitu.

Mama akaniuliza, "Karani, mwanangu, nyumba si ni yake? Tutamfanya nini?"

Nyumba ni yake kweli. Fedha si yake. Basi kwa kuwa wengi wetu tuna watoto au ndugu huko, naona yafaa niwaeleze jambo hili.

Zamani mwenye nyumba wa England aliipokea amana akaitia mfukoni, na siku ya kuhama mpangaji alirudi kumbembeleza kama mtu aombaye mkopo. Wengine walirudishiwa, wengine walinyimwa bila sababu ya haki. Ndipo Bunge likatunga sheria ya nyumba ya mwaka 2004, na sehemu yake ya amana ikaanza kutumika England na Wales tarehe 6 Aprili 2007.

Sheria hiyo yasema hivi: mwenye nyumba akiisha kupokea amana, yampasa katika muda wa siku 30 aitie katika ulinzi wa mojawapo ya ofisi tatu zilizokubaliwa na Serikali. Majina yake ni Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Aweza kuikabidhi ofisi fedha yenyewe, wala hatozwi kitu. Au aweza kukaa nayo mwenyewe, lakini ailipe ofisi ada, nayo ofisi imdhamini mpangaji asipotewe na haki yake. Njia zote mbili ni halali.

Tena haitoshi kuiweka kimya kimya. Katika siku zile zile 30 sharti ampe mpangaji karatasi zenye kutaja nyumba ni ipi, amana ni kiasi gani, ofisi gani inailinda, ni kwa sababu zipi yaweza kukatwa, na mpangaji afanye nini kukitokea ugomvi. Vijana wengi huzipokea karatasi hizo wasizisome. Wengine hawazipati kabisa, nao hawaulizi, maana wanaona haya kumwuliza mzungu mwenye nyumba habari za fedha. Haya hiyo ni ya bure.

Asiyefuata masharti hayo aweza kushtakiwa, hata kama mpangaji amekwisha kuhama. Mahakama yaweza kuamuru amana irudishwe, na juu yake mwenye nyumba amlipe mpangaji fedha isiyopungua kiasi cha amana wala kuzidi mara tatu yake. Kwa binti yetu huyu ni kati ya paundi 750 na 2,250, mbali na zile 750 zake mwenyewe. Kuchelewa nako ni kosa: aliyeiweka siku ya 40 amekwisha kuvunja sheria.

Na lile zulia je? Amana hukatwa kwa kodi isiyolipwa, kitu kilichovunjwa au kupotea, au nyumba iliyoachwa chafu kuliko ilivyopokewa. Lakini zulia lililokanyagwa miaka miwili na watu wazima wenye miguu sharti lichakae, na uchakavu wa namna hiyo haumhusu mpangaji. Wasipopatana, ofisi ya amana ina waamuzi wake, nao hawalipishwi, ikiwa pande zote mbili zimekubali kuwapelekea shauri. Hapo mwenye nyumba ndiye atakiwaye kuleta ushahidi. Ndiyo sababu mpangaji mwenye akili hupiga picha kila pembe siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Tangu tarehe 1 Juni 2019, huko England amana haiwezi kuzidi kodi ya majuma matano, ikiwa kodi ya mwaka mzima haifiki paundi 50,000. Binti huyu alitozwa kiasi kile kile cha mwisho.

Lakini angalieni. Anayepanga chumba ndani ya nyumba anamokaa mwenye nyumba mwenyewe hayumo katika sheria hii, wala kwa kawaida mwanafunzi alalaye katika bweni la chuo. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao za namna hii. Na kijana apangaye Nairobi au Dar es Salaam asiitegemee hata kidogo, haivuki bahari. Yeye adai stakabadhi, na mapatano yaandikwe.

Basi tuliketi na mama, tukamwandikia binti maneno machache ya kumpelekea mwenye nyumba: amana yangu umeiweka katika ofisi gani, tarehe ngapi, na karatasi zake ziko wapi? Tukamwambia pia aziulize ofisi zote tatu kwenye tovuti zao, maana kila moja humjulisha mpangaji kama amana yake imo. Mama alitaka tuongeze habari za wale ng'ombe watatu. Nikamwambia mwenye nyumba hahitaji kuzijua. Akacheka, akaniambia basi niandike walau kwamba mmoja alikuwa na mimba. Mpaka leo tunangoja jibu.