Usalama ni mbili, wandugu

Wandugu, Waingereza wako na maneno mawili pale sisi tuko na moja tu. Wanasema "security" na wanasema "safety". Siye yote tunaita usalama. Na hapo njo viongozi wanapata pa kujificha.

"Security" ni kukingwa na mutu mwenye nia ya kukuumiza: muasi, mwizi wa usiku, muuaji. "Safety" ni kukingwa na hatari isiyo na nia: moto, maji, volkano, gari bila freni. Ya kwanza inaomba askari. Ya pili inaomba fundi, mkaguzi, na pesa ya kazi.

Tukumbuke. Tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi, ule wa état de siège, ulianza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tuliambiwa usalama unakuja. Siku 16 nyuma yake, Nyiragongo ikalipuka. Lava haiogopi bunduki. Na wale wenye kuchunguza volkano walikuwa wamekosa pesa, tangu msaada wa Benki ya Dunia uliisha mwaka 2020.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilitoka Minova imejaa kupita kiasi, ikazama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiiangalia kwa macho. Sasa hiyo ni "security" ao "safety"? Ni zote mbili. Vita ilifunga barabara ya Goma–Minova, raia wakakimbilia ziwa. Lakini vita haikukataza mutu kuhesabu abiria. Vita haikukataza kila abiria kuvalishwa jile.

Kuko wenye kusema: kwanza tumalize vita, hayo mengine tutaona kisha. Hapana. Mama aliyekufa maji hakufa kidogo kuliko aliyepigwa risasi.

Kifungu cha 52 cha Katiba kinasema Wakongomani wote wako na haki ya amani na usalama. Basi tusikubali nusu yake. Siku kiongozi atasimama kusema "usalama iko", tumuulize mbele ya wote: usalama gani, mheshimiwa? Ule wa bunduki, ao na ule wa boti, wa mlima, wa nyumba zetu za mbao?

Tunadai zote mbili. Na tunazidai leo.